Je, niigawe diski ya laptopu yangu mara nne?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina steshenari hapa Iringa. Juzi nimenunua laptopu ya Windows 11 yenye SSD ya GB 512, lakini nikiifungua naona C peke yake, tena GB 475 tu. Fundi wetu anasema nimpelekee aifute yote, aigawe C, D, E na F: Windows ikae kwenye GB 60, kazi za wateja kivyake, picha kivyake, muziki kivyake. Anasema itakuwa nyepesi, na virusi vikiingia C kazi zitabaki salama D. Mimi nimeshaweka kazi nyingi humo, naogopa kuzipoteza. Kompyuta ya mezani niliyo nayo dukani ilishagawanywa mtindo huo huo, C imejaa hadi imekuwa nyekundu wakati E haina kitu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Igawe mara mbili, siyo mara nne. Uigawe mwenyewe, na usikubali ifutwe, maana kazi hii haihitaji kufuta chochote. Kisha kabla hujagusa lolote, nunua diski ya nje utoe nakala ya kazi zako zote. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote nitakayosema hapa.

Nianze na GB 475, nikutoe wasiwasi. Hakuna aliyekupunja. Watengenezaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, lakini Windows inahesabu 1,073,741,824. Kwa hesabu ya Windows, GB 512 za kwenye boksi zinasomeka kama 476. Hiyo moja iliyobaki imechukuliwa na vipande vidogo ambavyo huvioni ukifungua kompyuta: kimoja ni cha kuwashia mashine, na kingine ni cha kuiokoa Windows inapogoma kuwaka. Kwa hiyo patisheni za laptopu yako, yaani vipande vya diski, si moja tu. Imeshagawanywa tangu dukani, ila sehemu uliyopewa uitumie ndiyo moja.

Mtindo wa fundi wako una asili yake, wala hakuutunga yeye. Zama za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, kwa miaka mingi patisheni moja haikuweza kuzidi MB 32. Baadaye, mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT16, ulioendelea kutumika hadi Windows 95 ulikomea GB 2, hivyo aliyekuwa na diski ya GB 8 alilazimika kuikata vipande vinne atake asitake. Tena kukata kulikuwa na faida: kwenye patisheni ya FAT16 yenye GB 2, nafasi iligawiwa kwa mafungu ya KB 32, na barua fupi ya KB 1 ilimeza fungu zima. Patisheni ikiwa ndogo, fungu nalo linakuwa dogo. FAT32 ilipokuja mwaka 1996 tatizo likapungua, na NTFS tunayotumia leo inagawa kwa KB 4 hata diski iwe ya TB 1. Sababu ziliondoka, mazoea yakabaki, na mafundi wengi walifundishwa na waliowatangulia.

Hili la wepesi nalo lilikuwa na ukweli wake kwenye diski za kuzunguka. Sahani ya diski ile husomeka haraka zaidi kwenye ukingo wa nje, na patisheni ya kwanza ndiyo iliyowekwa huko, kwa hiyo kuibana Windows kwenye GB chache za mwanzo kulisaidia. SSD haina sahani. Data zake zimetawanywa kwenye chipu zote, na kidhibiti cha ndani kinazihamisha kila siku ili chipu zichakae sawasawa, bila kujali wewe umeita wapi C na wapi D. Hutapata wepesi wowote kwa kuigawa. Na ukiibana C kwenye GB 60 utapata uzito, kwa sababu Windows ikikosa pa kupumulia inakwama: masasisho hayaingii, programu zinafunguka kwa taabu.

Hiyo GB 60 mimi naikataa kabisa. Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 inahitaji diski isiyopungua GB 64, na hapo hujaweka programu hata moja. Toleo jipya la Windows likiingia, la zamani linahifadhiwa kwanza kwenye folda ya Windows.old, nayo si ndogo. Kila unachopakua kwenye intaneti, kila picha ambayo WhatsApp ya kompyuta inapokea, kila faili la muda la programu ya kuchapia, vyote hivyo kwa kawaida vinatua C. Kompyuta yako ya mezani ndiyo ushahidi. C nyekundu, E tupu: kuta zilijengwa kwa kukisia, na sasa nafasi unayoihitaji ipo ila huifikii.

Sasa virusi. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu steshenari ni mahali ambapo flashi za kila mtu zinachomekwa kutwa nzima. Kirusi kikishapata nafasi ya kufanya kazi kwenye Windows yako kinaona kila unachokiona wewe. D haina mlango wake wala ufunguo wake. Vile virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia vinapita herufi moja baada ya nyingine. WannaCry, iliyoanza kusambaa tarehe 12 Mei 2017, ilifunga hata mafaili ya diski za nje ilizozikuta zimechomekwa. SSD ikifa nayo inakufa yote, C na D kwa pamoja, na SSD ina tabia ya kuzima ghafla bila ile kelele ambayo diski ya zamani huitoa kabla ya kukata roho. Kujenga ukuta katikati ya nyumba hakuzuii nyumba nzima kuungua. Wateja wako wameacha kwako vyeti, barua za kazi, pengine nakala za vitambulisho. Nakala iliyo kwenye diski ya nje, inayochomekwa wakati wa kunakili tu kisha ikatolewa na kufungiwa kabatini, ndiyo itakayokuokoa siku hiyo.

Utaniuliza, basi kwa nini nimekuambia uigawe hata hizo mbili? Kwa sababu moja tu, na inatosha: siku ya kupiga Windows upya. Siku hiyo itakuja. Kazi zikiwa D, C inafutwa na kujengwa upya, na kazi hazijaguswa. Windows 10 na 11 zina njia yao ya kujirudisha upya huku zikibakiza mafaili yako, na mara nyingi inafanya kazi, lakini kuna siku mashine haiwaki kabisa na fundi anaingia na flashi yake. Hapo ndipo D inapolipa. Kama SSD yako ingekuwa ya GB 256 ningekuambia uiache nzima, kwa sababu ukiikata pande zote mbili zinabana. Kwa 512, mbili ni sawa.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Nakala ya nje imeshatoka? Fungua mafaili matatu manne kutoka kwenye hiyo nakala uhakikishe yanafunguka kweli. Halafu angalia jambo ambalo wengi hawalijui: Windows 11 ikisajiliwa kwa akaunti ya Microsoft huwa inaifunga diski kwa siri, ili mwizi asiweze kuisoma. Nenda Settings, sehemu ya "Privacy & security", utafute "Device encryption". Ikiwa imewashwa, iache, ni kinga nzuri kwa kazi za wateja. Ila ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako, uandike kwenye karatasi ufunguo wa tarakimu 48 utakaouona pale. Mashine ikishtuka, na mara nyingine inashtuka baada ya fundi kuchokonoa, itaudai ufunguo huo, na usipokuwa nao hakuna fundi wa Iringa wala wa Dar atakayekufungulia.

Chomeka chaja, betri nayo iwe imejaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii si mchezo.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua "Disk Management". Litatokea dirisha lenye mistari mirefu chini. Mstari wa "Disk 0" ndio SSD yako: kushoto kipande kidogo cha kuwashia, katikati C, kulia kipande cha uokoaji. Hivyo viwili vidogo usiviguse. Kuna mafundi wanaofuta cha uokoaji ili waongeze nafasi isiyofika hata GB 1. Januari 2024 sasisho moja la Windows 10 liligoma kuingia kwenye kompyuta nyingi duniani kwa sababu tu kipande hicho kilikuwa kidogo mno, watu wakabaki wanahangaika na namba ya kosa wasiyoielewa.

Bofya kulia juu ya C, chagua "Shrink Volume". Subiri, inaweza kuchukua dakika kadhaa kufanya hesabu. Kisha kitatokea kisanduku chenye namba nne, na hapa ndipo watu wanapokosea. Kwanza, namba zote ni za MB, si GB. Pili, kinachoulizwa si ukubwa wa C unaoutaka. Kinachoulizwa ni kiasi cha kuondoa. Mimi ningekupangia D ya GB 280, C ibaki na kama 195. Zidisha 280 kwa 1024, unapata 286720. Andika hiyo, ubonyeze "Shrink". C itapungua, na ubavuni mwake patakuwa na kipande chenye utepe mweusi juu, kimeandikwa "Unallocated". Mafaili yako yote yapo palepale yalipokuwa.

Kwa nini 280 na 195, na si nusu kwa nusu? Kwa sababu ya siku ile ya kupiga Windows upya. Wakati huo skrini haikuonyeshi herufi C na D. Inaonyesha orodha ya patisheni kwa namba na ukubwa wake, pamoja na jina kama ulizipa. Sehemu mbili zikilingana, mkono uliochoka unafuta isiyo yenyewe. Zikiachana kwa GB 80 na zaidi, huwezi kuzichanganya.

Inawezekana Windows ikakataa kukupa zote 280. Utaona nafasi tupu ni GB 300 na zaidi, lakini kisanduku kinakuruhusu kupunguza 150 tu. Haijaharibika. Kuna mafaili ambayo Windows haiwezi kuyahamisha ikiwa inatembea, na moja likiwa limekaa mbali kulia, upunguzaji unaishia hapo. Mara nyingi ni faili la kulazia mashine usingizini, faili la kumbukumbu ya ziada, au picha za mfumo zinazowekwa ili kurudi nyuma. Fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika powercfg /h off, na hilo la usingizi litajifuta. Zima "System Protection" ya C kwa muda, ukijua kwamba picha za kurudi nyuma zilizopo zitafutika. Faili la kumbukumbu ya ziada nalo liondoe kwa muda kwenye mipangilio ya "Virtual memory". Zima na kuwasha mashine, ujaribu tena. Ukitaka kujua hasa ni faili gani linalokuzuia, fungua "Event Viewer", kwenye kumbukumbu za "Application" utafute tukio namba 259: limelitaja kwa jina. Ukimaliza kupunguza, rudisha vyote ulivyozima, na ile ya kwanza unairudisha kwa powercfg /h on.

Ikigoma hata baada ya hapo, chukua kiasi ilichokupa, mradi tofauti ya ukubwa kati ya C na D ibaki kubwa. Usikimbilie programu za kugawa diski zilizovunjwa leseni zinazosambazwa kwa flashi. Zana inayohamisha vipande huku na kule inasogeza data zenyewe, si mipaka tu, na hilo ndilo eneo ambalo kukatika kwa umeme kunaua diski. GParted ni zana nzuri na ya bure, mafundi wa Linux wanaitegemea, lakini kwa kazi yako hii huihitaji.

Sasa bofya kulia juu ya kile kipande cheusi, "New Simple Volume", uendelee na Next. Ukubwa uache ulivyo, herufi chagua D, mfumo NTFS. Kwenye jina futa lile la "New Volume" uandike KAZI kwa herufi kubwa. Ndilo jina nililosema, litaonekana kwenye orodha siku ya kupiga Windows. Acha alama ya fomati ya haraka ilivyo, umalize. Fomati hii inagusa kile kipande kitupu peke yake. Ila soma mara mbili kabla ya kubonyeza: uko kwenye utepe mweusi, siyo wa bluu.

Ndani ya D tengeneza folda: Documents, Pictures, Downloads, na nyingine ya Wateja. Kisha hamisha makao ya folda zako za kila siku. Bofya kulia juu ya Documents ya C, "Properties", kichupo cha "Location", uandike D:\Documents, ukubali mafaili yahamishwe. Fanya hivyo kwa Pictures na Downloads. Tafadhali usiandike D:\ tupu bila jina la folda. Ukifanya hivyo D nzima inageuka kuwa Documents, na kuirudisha kunasumbua vibaya. Kama OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inanakili folda zako, zima kwanza unakili huo, la sivyo mtavutana. Picha na muziki zinatosha kuwa folda ndani ya D. Folda inakua na kupungua yenyewe, haihitaji kukisiwa ukubwa.

Programu ziache C. Wapo wanaoweka programu D wakidhani zitabaki baada ya kupiga Windows upya. Hazibaki, kwa sababu kumbukumbu za usajili wake zipo C. Mafaili utayaona D lakini programu haitafunguka, na utaiweka upya tu. Na siku ukitumia njia ya Windows yenyewe ya kujirudisha, ukichagua kuondoa kila kitu, itafika mahali inauliza kama ifute diski zote au ile yenye Windows peke yake. Chagua yenye Windows peke yake.

Nimalizie na ile ya mezani. Windows inaweza kuirefusha C kwa kuchukua nafasi tupu iliyo ubavuni mwake kulia tu. Yako iko E, na D imekaa katikati, ndiyo maana "Extend Volume" imepauka na haibonyezeki. Kwa kuwa E ni tupu, una njia nyepesi. Toa nakala ya nje kwanza. Halafu nakili vyote vya D uviweke E, vifungue uhakikishe. Rudi "Disk Management", bofya kulia juu ya D, "Delete Volume". Pakigeuka cheusi, bofya kulia juu ya C, sasa "Extend Volume" itabonyezeka, Next hadi mwisho. C itakuwa imemeza nafasi yote ya D, na kazi zako ziko E.

Kabla ya kufuta D tazama mambo mawili. Kwanza, kama D na E zimezungushiwa fremu ya kijani, ujue diski hiyo ni ya mpangilio wa zamani wa MBR, unaoruhusu patisheni kuu nne tu, na hizo mbili zimo ndani ya patisheni ya kubebea nyingine. Ukifuta D peke yake nafasi inabaki ndani ya fremu na C haiifikii. Hapo itabidi vyote vitoke kwenda diski ya nje, ufute D, E na fremu yenyewe, uirefushe C kiasi unachotaka, kisha ujenge D moja upya. Pili, kama kati ya C na D kuna kipande cha MB 500 au karibu na hapo, hicho ni cha uokoaji na kitakuzuia. Usikifute, hapo mwite fundi anayejua kukihamishia mwisho wa diski. Na wakati wowote katika kazi hii dirisha likikuuliza kama ubadilishe diski kuwa "Dynamic", bonyeza No. Likikuambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, na wewe unajua ina kazi ndani, bonyeza Cancel, uniandikie ukiwa umelipiga picha dirisha lote la "Disk Management".